Shairi Nyuma ya Dawa ya Kikohozi

Jumatatu, 3 Oktoba 1631

Mvua tangu asubuhi. Ambrose anatafuta kitabu. Ametafuta kabatini, uvunguni, hata ndani ya sanduku la mishumaa. Mwisho akaniuliza mimi. Angeanza kwa kuniuliza tungeokoa saa nzima—lakini mume wangu ni kasisi, amezoea kuuliza mbinguni kwanza.

Nikamwambia kitabu nimemwazima Thomasine, mke wa mwenye kinu. Ana kikohozi. Dawa imo kitabuni.

Akasema anakitaka. Jumapili anahubiri juu ya kiburi.

Kitabu chenyewe ni kimoja, wenyewe wawili. Ambrose alikianza mbele mwaka tuliooana. Amegawa kurasa kwa vichwa—Kifo, Subira, Kiburi, Wanawake—na chini ya kila kichwa hunakili maneno mazito anayoyaokota vitabuni, ayapate siku ya mahubiri. Chini ya Wanawake ana nukuu kumi na moja. Zote za wanaume. Kumi kati yao hawakuoa.

Mimi nilikigeuza juu chini nikaanzia nyuma. Keki ya siagi. Dawa ya chawa. Mafumbo. Na mashairi, yale yanayotembea: mtu anakuletea karatasi, unanakili, unamrudishia, naye anampelekea mwingine. Hapa Oxmere kila nyumba yenye kalamu ina kitabu cha namna hiyo. Ambrose hasomi upande wangu. Anasema unanuka vitunguu.

Saa tisa hivi, mikono imo kwenye unga, nikakumbuka kilichopo nyuma ya dawa ya kikohozi.

*Mashamba yetu kameza, malisho kayafungia,*
*Tumbo lake lauliza, kipi kimenibakia;*
*Jiweni kajipunguza, kiuno kajitilia,*
*Malaika atawaza, yupi wa kumpakia.*

Ni langu. Nililitunga mwezi uliopita, juma lile Sir Gervase alipozungushia ua malisho ya kijiji, na mjane Godbold akauza ng'ombe wake kwa kukosa pa kumlisha. Juma hilohilo ikaletwa kanisani sanamu ya Sir Gervase ya marumaru, akiwa amepiga magoti, ya kuwekwa juu ya kaburi atakalolazwa akifa. Sir Gervase ana tumbo la mapipa mawili. Sanamu ina kiuno cha nyigu.

Sikutia jina. Lakini mwandiko ni wangu, na kitabu ni chetu, na nyumba hii tunakaa kwa hisani ya Sir Gervase. Yeye ndiye mwenye kumpa kasisi wa Oxmere kanisa, na ndiye hakimu pia.

Thomasine si mtu wa kufunua kurasa, nadhani.

Jumatano, 5 Oktoba

Thomasine ni mtu wa kufunua kurasa.

Amerudisha kitabu kina mafuta ya nguruwe kwenye jalada. Kikohozi kiko palepale. "Dawa nimeinakili, Mama Kasisi," akasema. "Na kile kingine nacho nimekinakili."

Kingine kipi?

"Kile cha kiuno!" Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa chini. Kumbe alimsomea mumewe, naye mumewe akawasomea waliokuja kusaga. Jumanne ndiyo siku ya kusaga. Watu wote wa Oxmere wanakula mkate.

Akaniuliza, nani mtunzi? Nikasema nililipata kwenye karatasi iliyotoka Norwich. Norwich ni mji mkubwa. Unabeba mengi.

Ijumaa, 7 Oktoba

Ambrose alikwenda kubatiza mtoto kijiji cha pili. Amerudi na shairi.

Akanisomea mezani, juu ya pai ya mikunga. Alilisoma vibaya. *Malaika atacheza!* Kwa nini malaika acheze? Anatazama wanaume wawili, mmoja mnene wa nyama, mmoja mwembamba wa jiwe, hajui abebe yupi—anawaza! Akicheza, shairi lote limeanguka. Nikaendelea kutafuna.

"Ni maneno maovu," Ambrose akasema. "Mtu aliyetunga haya hana adabu wala hofu." Kisha akatoa leso akajifunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Miaka kumi na tisa ya ndoa, nimeyaona mabega hayo mara nne.

Baada ya chakula akafungua kitabu upande wake, akalinakili chini ya Kiburi. Na "atacheza" yake.

Kwa hiyo sasa tunalo mara mbili. Mbele limeoza, nyuma ni zima.

Jumapili, 9 Oktoba

Ningependa siku hii iwe imempata mtu mwingine.

Tulipoingia kanisani, karatasi ilikuwa imebandikwa kwa nta kwenye goti la sanamu. Kila mtu alikuwa ameiona na kila mtu alikuwa anatazama dari. Dari yetu haina kitu. Sir Gervase akaingia taratibu, magoti yanamsumbua majira haya, akaenda moja kwa moja hadi kwenye sanamu. Akasoma. Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya glavu. Akakaa.

Ambrose akapanda mimbarini. Mahubiri: Kiburi.

Alikuwa ameyaandaa juma zima. Hana mengine. Nilimwona akigeuza kurasa kutafuta mahali pa kuokokea, pakakosekana. Akahubiri saa moja na robo. Alipofika kwenye maneno "makaburi yaliyopakwa chokaa" sauti ilimpotea, akayaruka. Sir Gervase hakuondoa macho usoni pake.

Mlangoni, Ambrose akampa mkono. Sir Gervase akasema: "Mahubiri yamekuja kwa wakati wake, Kasisi." Basi. Akapanda farasi, watumishi watatu wakisukuma.

Nyumbani tulikula bata. Bata alikuwa mzuri.

Jumanne, 11 Oktoba

Mtunzi amepatikana. Ni Mwalimu Stubbing wa shule ya wavulana.

Hakusema kuwa ni yeye. Walimuuliza tu kule kwenye kilabu cha bia, akatabasamu, akasema: "Mimi siwezi kusema ndiyo, na siwezi kusema hapana." Tangu hapo anavaa kofia upande.

Leo alikuja kuonana na Ambrose. Ambrose hayupo. Akakaa kumsubiri, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu naye hana wa kuzungumza naye, akanieleza shairi.

"Mama Kasisi, huenda hukuelewa undani wake. Kiuno pale si kiuno."

Nikasema, ahaa.

"Kiuno ni serikali."

Nikammiminia bia.

"Na tumbo ni dhamiri. Mtu wa kawaida akisoma ataona tumbo tu."

Nikasema labda aliyetunga aliona tumbo tu. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyekosea hesabu. Akasema ushairi ni mgumu kwa mtu ambaye hakupata Kilatini. Nikamuuliza, na malaika je, anawaza au anacheza? Akafikiri. "Anacheza," akasema. "Ni mzaha wa kitaaluma."

Bia ile ilikuwa ya juzi. Sikumwambia.

Alhamisi, 13 Oktoba

Shairi limeota ubeti wa pili. Thomasine kaniletea, mbio, bila kofia.

Ni wa Stubbing. Nautambua kwa mizani. Unachechemea mguu wa kulia. Unamsema marehemu Bibi Lettice, mke wa Sir Gervase. Unasema bibi alikufa mapema ili apate nafasi kitandani.

Watu wanaucheka. Thomasine naye alicheka, kisha akaniona uso akaacha. "Kumbe mlikuwa mnajuana, shoga?"

Tulijuana. Miaka sita Lettice alikuja hapa kila Ijumaa kwa mlango wa nyuma, eti kuuliza habari za kuku. Hakuwa na kuku. Alikuja kusoma. Ana kurasa tatu katika upande wangu wa kitabu, kwa mkono wake: namna ya kupika mapera ya kizungu yasivunjike, fumbo moja juu ya sindano, na beti mbili ambazo alinikataza kumwonyesha mtu. Alikufa kwa homa, siku nne tu, mwaka wa njaa ya shayiri. Hakufa kwa kukosa nafasi.

Nilikata vitunguu vitatu ambavyo hatukuvihitaji.

Jumamosi, 15 Oktoba

Konstebo amemchukua Stubbing. Wameifungua kabati yake, wamebeba karatasi zake zote, hata madaftari ya watoto.

Sasa anaapa kwamba si yeye. Kijiji kizima kinamjibu: ulisema huwezi kusema hapana.

Mwaka juzi, mji wa tatu kutoka hapa, mshonaji viatu alitunga wimbo juu ya diwani. Walimsimamisha sokoni, sikio limepigiliwa msumari kwenye nguzo. Alipotaka kuondoka ilibidi aliache. Mwalimu Stubbing ana masikio makubwa, na mama mzee asiyeona anayemtegemea.

Simpendi. Nimejaribu leo kutomhurumia kabisa, nikafaulu mpaka saa nne hivi ya asubuhi.

Jumatatu, 17 Oktoba

Nimemwambia Ambrose.

Alikuwa ananyoa. Nikangoja amalize shingo.

Nikasema: lile shairi ni langu. Ubeti wa kwanza. Wa pili ni wa Stubbing. Likatoka humu ndani kwa mlango wa dawa ya kikohozi.

Akabaki na wembe hewani. Povu likadondoka. Neno lake la kwanza, naliandika lilivyo: "Basi ni *atawaza*, si *atacheza*?"

Nikasema ni atawaza.

"Nilijua kuna kitu," akasema. Akaenda na povu usoni, akafungua kitabu, akakata neno, akaandika lililo sawa. Kisha akakaa kwenye ngazi.

"Kwa nini, Ursula?"

Nikasema kwa sababu ya ng'ombe wa mjane Godbold. Akangoja. Ananijua. Nikasema na kwa sababu ya kile kiuno. Nilikiona tu, mistari ikaja yenyewe, miwili miwili kama watu waendao sokoni.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Akasema: "Na mimi nikasimama mimbarini, nikamhubiria yule mtu kiburi saa moja na robo." Akaanza kucheka, kisha kikawa si kicheko.

Kesho Stubbing anasikilizwa. Tutakwenda. Nitachukua kitabu, wauone mwandiko.

Jumanne, 18 Oktoba

Niandike kwa utaratibu, maana mambo yalikwenda ovyo.

Ukumbi wa Sir Gervase ulijaa. Yeye kakaa mwisho wa meza ndefu, mguu juu ya mto. Konstebo kasimama. Stubbing kasimama katikati, kofia mkononi, imenyooka. Nikapita mbele kabla Ambrose hajanizuia.

Nikasema: "Bwana mkubwa, mwachie Mwalimu. Ubeti wa kwanza nimeutunga mimi."

Wakatazamana. Halafu wakacheka! Si kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Hata Stubbing, anayekaribia kupoteza masikio, alitabasamu.

Nikafungua kitabu, nikawaonyesha. Mwandiko wangu, tarehe ya Septemba. Sir Gervase akakivuta. Akakisoma. Akakigeuza mbele.

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini.

Mbele, chini ya Kiburi, kwa mkono wa Ambrose: shairi lilelile. Neno moja limekatwa na kusahihishwa. Wino wa jana.

"Mtu hasahihishi kazi ya mwenzake," Sir Gervase akasema polepole. "Anasahihisha yake." Akamtazama Ambrose. "Jumapili ile, Kasisi, ulikuwa unanihubiria shairi lako."

Ambrose akasema hapana. Kisha akaniona, akaona kwamba hapana yake inanirudisha mimi kwenye msumari. Akafunga mdomo. Mume wangu hajawahi kusema uongo, na leo akajifunza kutosema ukweli, mbele ya watu sitini.

"Mke mwema," mtu akasema nyuma. "Anamfichia mumewe." Sauti zikasema kweli, mke mwema, mke mwema. Nilipiga kelele. Nikasema nimetunga mimi, kila neno, na tumbo na kiuno! Jinsi nilivyozidi kupiga kelele ndivyo nilivyozidi kuwa mke mwema.

Nimekwenda kuokoa mwalimu, nimemkamatisha mume. Na ushahidi nimeubeba mwenyewe, kikapuni.

Sir Gervase akauliza: "Na ubeti wa pili? Wa mke wangu?" Sauti yake ilibadilika hapo. Ikawa ndogo. Nikaelewa kwamba hakumtia mtu ndani kwa ajili ya tumbo.

Nikasema: "Si wangu, wala si wa Kasisi. Unachechemea. Mimi siwezi kumsema Bibi Lettice."

Stubbing alikuwa anatazama viatu vyake. Sikumtaja. Sijui kwa nini. Labda kwa ajili ya mama yake.

Sir Gervase alikuwa bado anafunua kurasa, upande wangu sasa, bila kutazama sana, kama mtu anayepoteza muda. Ghafla akaacha kufunua. Kidole kikabaki juu ya ukurasa. Nilikuwa nimesahau—mapera. Mwandiko wa Lettice.

Alisoma namna ya kupika mapera tangu mwanzo hadi mwisho. Akasoma fumbo la sindano. Akafunua, akazisoma beti mbili. Ukumbi mzima ukangoja hakimu amalize mambo ya jikoni.

"Alikuja kwako?"

"Kila Ijumaa, bwana mkubwa."

"Aliniambia anakuja kwa ajili ya kuku." Akafunga kitabu. Kisha kwa konstebo: "Mwache Stubbing aende." Stubbing akaondoka, na naapa alionekana ameudhika kidogo.

Kisha akanigeukia. "Unasema ni wewe. Haya. Kaburi lina pande mbili. Upande wangu una maandishi. Upande wa mke wangu ni mtupu, mwaka wa tatu huu. Nimeagiza London, wameniletea takataka. Nimejaribu mwenyewe." Akakipapasa kitabu. "Andika wewe. Mistari minne. Jumapili nitakuja kuichukua. Ikiwa inachechemea, nitajua mtunzi ni mumeo, na kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote mtakuwa mmehama."

Nikauliza: na isipochechemea?

"Nitajua ni wewe," akasema. "Na nitajua la kufanya."

Kitabu amebaki nacho.

Jumatano, 19 Oktoba

Hakuna mstari.

Alhamisi, 20 Oktoba

Ambrose kaingia jikoni kafunga mlango. Akasema: "Andika vibaya."

Nikasema sikusikia.

"Andika vibaya, mke wangu. Mimi watanifukuza, basi. Nitapata watoto wa kufundisha mahali. Wewe watakutia kwenye kiti cha bwawa, mbele ya watu wote, na hata wasipokutia, utabaki kuwa yule mwanamke mpaka ufe."

Kiti cha bwawa ni kiti kwenye mti mrefu. Mwanamke mwenye mdomo hufungwa humo, huzamishwa, hutolewa, huzamishwa. Chetu kimeoza, wangelazimika kutengeneza kipya. Nikamwambia hivyo. Hakucheka.

Nikasema: "Kwa hiyo niandike matope juu ya kaburi la Lettice ili mimi nisilowe?"

Akasema Lettice angeelewa.

Angeelewa, kweli. Hilo ndilo linaloudhi.

Akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa amejaribu yeye, ili anipunguzie kazi: mistari minne, yote mibaya, kwa nia njema. Bibi Lettice anafananishwa na mnara, na kengele, na mara moja na shamba. Nikasoma mara mbili. Nikamwambia ukweli: "Ukipeleka hii, atajua hujatunga lile la kwanza. Hukuweza. Utaniponza kwa ubaya wako."

Akafikiri. "Kwa hiyo mimi sina hata kipaji cha kuwa na hatia."

Ndipo tukacheka, wote wawili, tumeshikilia meza. Mwaka wa kumi na tisa. Sijui kama nimewahi kumpenda hivi.

Ijumaa, 21 Oktoba

Leo nimejaribu kuandika vibaya. Ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Stubbing huwa hatoi jasho lolote.

Kwa mawazo nilimweka Lettice mbele yangu, kwenye kiti chake kile, karibu na jiko. Alikuwa na namna ya kucheka—anabana midomo, kicheko kinatokea puani, kisha anatazama mlango. Nyumba yao kubwa, kila ukuta una mtumishi. Alizoea kucheka kwa kunong'ona. Hata hapa kwangu, ambako hapakuwa na mtu ila paka, alitazama mlango.

Mara moja nilimuuliza, Sir Gervase anakupiga? Akashangaa. "Hapana! Ananipenda sana. Hunijia na habari za mifereji." Akafikiri kidogo. "Hajui tu ya kuniuliza."

Nimechoma karatasi tano. Za kwanza nne kwa kuwa mbaya. Ya tano kwa kuwa mbaya vya kutosha.

Jumamosi, 22 Oktoba

Mstari umekuja. Nilikuwa nanyonyoa kuku wa Jumapili, manyoya mpaka kwenye nywele, ukaja mzima mzima:

*Alicheka chini chini, ili nyumba isijue,*

Nikamwacha kuku. Nikaandika kwa mkono wenye damu. Wa pili ukaufuata bila kuitwa:

*Amenyamaza jiweni, nyumba ndiyo itambue.*

Nikajaribu kuuharibu. Nikaweka "alilia" mahali pa "alicheka". Ukakataa. Nikaongeza silabi moja uchecheme. Nikausoma, nikajiona kama nimemkata Lettice mguu. Nikaufuta.

Jioni mistari ikawa minne. Nikampa Ambrose. Alisoma amesimama, kisha akakaa, kisha akairudisha karatasi mezani kwa vidole viwili, kama kitu cha moto.

"Huwezi kumpa hii," akasema.

"Najua."

"Ukimpa hii hakuna mtu Uingereza nzima atakayesema nimetunga mimi."

Nikasema hilo nalo najua. Akauliza kama nina nakala nyingine, mbovu. Nikasema nilizichoma. Akaenda kutazama jikoni kama kweli nilizichoma.

Jumapili, 23 Oktoba

Kanisani leo hakuna aliyekaa karibu nami, ila Thomasine, aliyekohoa mahubiri yote na kunishika mkono. Ambrose alihubiri juu ya Nuhu. Hakumgusa mtu.

Sir Gervase hakungoja tufike nyumbani vizuri. Nimevua shali tu, huyo mlangoni. Konstebo yuko nje kashika farasi wawili. Mmoja ni wa Sir Gervase. Wa pili ana tandiko la kike, la kunipandisha mimi, sijui kwenda wapi.

Nikamkaribisha sebuleni akasema hapana, jikoni. Akauliza Lettice alikuwa anakaa wapi. Nikamwonyesha kiti. Akakitazama, akachukua kingine. Amekataa bia. Kitabu chetu kiko kwapani mwake, hajakitua.

Nimempa karatasi.

Ambrose amesimama dirishani, anasoma Zaburi. Hana Zaburi mkononi. Mimi nimevuta karatasi zangu, najifanya nanakili namna ya kukaanga samaki, maana mikono isipofanya kitu nitaanguka. Ndiyo haya ninayoyaandika.

Sir Gervase anasoma kwa kidole. Mstari wa kwanza. Kidole kimesimama.

Nje konstebo anaita, anauliza kama amvue tandiko farasi wa pili au amwache hivyohivyo.

Kidole kimesogea. Wa pili. Wa tatu. Amevua kofia—nyumba hii hajawahi kuivulia, hata siku ya mazishi ya mkewe. Ameiweka juu ya unga. Hakuona kuwa ni unga.

Ambrose amekuja kusimama nyuma yangu. Mkono wake uko begani kwangu, mzito. Anaona ninachoandika. Hajaniambia niache.

Wa nne. Amefika mwisho.

Anasema kitu. Hapana—midomo tu. Konstebo anaita tena, kwa nguvu zaidi: bwana mkubwa, tandiko nalifanyaje?

Sir Gervase amenyanyua mkono mmoja kumnyamazisha, bila kugeuka. Kidole cha mkono wa pili kimerudi mstari wa kwanza.